Wiki ya Vidonge vya Kahawia

Mlali, Kongwa
12 Aprili 1994

Wifi yangu Loisi,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia kabisa, maana wewe ukishika kalamu unasahau shikamoo na kukumbuka kuagiza karanga.

Huku hatujambo. Mahindi yametutupa mkono, ila uwele umesimama. Shemeji yako Bartolomayo alikohoa mwezi mzima hadi wanafunzi wangu wakawa wanamwigiza njiani. Jumatatu ya Pasaka akaamka, akachukua pakiti yake ya sigara, akaitumbukiza chooni, akasema basi. Nikamwangalia. Mwanamume ambaye hawezi kuacha hata chumvi! Nikasema huyu hanishindi. Na mimi nimeacha, siku hiyo hiyo.

Sasa nakuita na wewe uwanjani. Wewe na mimi tumevuta sigara jikoni tangu ulipoletwa hapa bibi harusi. Bibi zetu walivuta kiko mchana kweupe mbele ya wakwe zao wala hakuna aliyewacheka. Sisi tuliobatizwa na kufundishwa kusoma ndio tunaojificha nyuma ya kuni. Tuache, wifi. Atakayeshindwa kwanza atamnunulia mwenzake doti ya khanga, na iwe ya maandishi mazuri.

Kuna na lingine. Mama anauliza habari za Matonya, mjukuu wa jina la Baba anayemsubiri. Tangu mlipomzika yule mtoto mwaka juzi hajatulia. Anasema jina la Baba haliwezi kulala chini mara mbili. Mimi nimemwambia Mungu hapangiwi, lakini unamjua Mama. Anasema mumeo Nathanaeli alimwahidi.

Msalimie ndugu yangu. Mwambie kinanda cha kanisa la huku kimeliwa na panya, hakuna wa kukililia.

Wifi yako,
Devota

*

Makole, Dodoma
26 Aprili 1994

Wifi Devota,

Shikamoo. Na nyingine ya akiba kwa ajili ya barua ijayo. Karanga sitaki, nitumie ubuyu.

Watu huanza barua kwa kusema wao wazima, hofu ni kwa anayeandikiwa. Mimi leo hofu sijaiona kwako. Ofisini tunasikia watapunguza wafanyakazi, na wapiga chapa ndio wa kwanza kutajwa. Kila Ijumaa tunapiga taipu kwa sauti kubwa ili tuonekane tuna kazi. Vibandani napo sigara za nje zimejaa, za kila rangi, na anayeuza hataki hata ushuke barabarani, anakufuata.

Nimekubali. Naacha. Khanga ni yako au yangu, tutaona, ila jua kwamba siachi kwa ajili ya khanga.

Nathanaeli nilimsomea barua yako, sehemu ya Mama nikairuka. Barua zako naziacha mezani wazi mbele yake, kwa kuwa yeye haoni na maandishi ya wino hayasomi, na nikifikiri hilo naona haya. Aliposikia habari ya Bartolomayo akacheka akasema, "Basi na mimi naacha leo." Akaacha kweli, kama mtu aliyevua koti. Sasa akikaa kwenye swichibodi ya simu ya ofisi yetu anamung'unya ubuyu, na wakubwa wakipiga simu wanauliza nani anatafuna kwenye laini.

Matonya. Wifi, mimi naogopa. Nathanaeli hanisukumi, lakini watoto wa jirani wakipita yeye huuliza, "Huyo mwenye sauti nzito ni mvulana?" Siku ile ya kujifungua alikaa kwenye benchi nje ya chumba, akasikia yote, kwa sababu yeye hana njia ya kutosikia. Mtoto akafa, na mimi nikabaki nusu. Hatujawahi kuzungumza alichosikia. Neno hili la kuogopa nakuandikia wewe kwa kuwa nyumbani limenikaa kooni.

Wasalimie wote.

Loisi

*

Dodoma
6 Mei 1994

Dada Loisi,

Bwana Yesu asifiwe. Sikukuona kliniki wala kwenye kikao cha Umoja wa Akina Mama, nikajua kazi imekubana. Nakutumia pakiti zako kwa mkono wa Mishi, mfagizi wetu. Zimo ndani ya kitambaa ulichoanza kudarizi, hakuna atakayefungua. Kuhusu mumeo, usiwe na wasiwasi, mdomo wangu ni wa kazi, hautoi siri.

Neno moja. Siku ya kwanza nilikuuliza kama unavuta sigara, na Mama Mchungaji alikuwa pale amekuja kupima presha. Tukacheka sote watatu, eti mke wa mpiga kinanda aulizwe sigara! Ukasema, "Mimi?" nami nikaandika kwamba huvuti. Ila kwenye semina wametukazia tena. Mwanamke aliyevuka miaka thelathini na tano, akiwa mvutaji, vidonge hivi si vyake. Damu inaweza kuganda mwilini. Mara nyingi huanzia mguuni, kigimbi kinavimba na kuuma upande mmoja, au kifua kinabana pumzi. Wewe una thelathini na saba, ndiyo maana nikakukumbuka, ingawa kwako ni umri tu.

Ukiwa na neno, niambie bila aibu.

Ndimi katika Bwana,
Nesi Emilia

*

Makole
7 Mei 1994

Nesi Emilia,

Amina. Nimepokea, asante. Neno sina. Ni kama nilivyosema siku ile.

Loisi

*

Mlali
9 Juni 1994

Wifi Loisi,

Shikamoo ya akiba nimeipokea, marahaba. Ubuyu huo, umeletwa na kondakta wa basi. Kama umepungua muulize yeye.

Nakuandikia huku najipepea kwa daftari la hesabu la darasa la tano. Tumbaku inanitoka, wifi! Ni moto unaoanzia kifuani, unapanda shingoni, unafika usoni, jasho linanichuruzika, halafu unazima nabaki natetemeka na baridi hii ya Juni. Unakuja darasani, unakuja kanisani. Juzi nilivua sweta katikati ya sala ya toba, watu wakadhani nimeguswa na Roho. Bartolomayo naye aliacha siku ile ile, lakini hana moto wowote. Nikamwambia mimi nilivuta kwa moyo, wewe ulikuwa unapoteza kiberiti tu.

Usidhani yeye amesalimika. Amekuwa mkali kama pilipili kichaa. Na kuna jambo jingine, nalisema kwa kuwa wewe ni mtu mzima: kitanda chetu siku hizi ni cha kulalia tu. Ameingiwa na wazo kwamba sigara ndiyo iliyokuwa inamshikilia uanaume wake. Wazee wa kilabuni wamemjaza maneno. Nimemwambia asubiri, mwili umeshangaa, utarudi. Anasema usiporudi atarudi yeye kwenye sigara. Nimeolewa na mtoto.

Wewe je? Kile kikaratasi ulichonitumia mwezi uliopita kilikuwa kifupi, hakina hata tusi. Au umeshashindwa unaogopa kununua khanga?

Devota

*

Makole
27 Juni 1994

Wifi Devota,

Shikamoo.

Khanga nitakununulia. Nimeshindwa, nikaanza tena, nikashindwa. Na sitaki unicheke kwa hili, wifi. Unaweza kunicheka kwa mengine yote.

Nikueleze ilivyo, labda wewe mwalimu utapata akili ya kunipa. Nikianza kuacha naweza. Siku zinapita, naona hata harufu ya sigara inanichefua. Najisemea Loisi, umepona. Halafu kila mwezi inakuja wiki moja, ya hedhi, na katika wiki hiyo siwi mtu. Mikono inatafuta yenyewe. Nalia kwa sababu kijiko kimeanguka. Nampigia kelele Anjelina, binti yetu wa mwisho, mpaka anajificha kwa jirani. Nanunua moja pale kibandani, naenda nyuma ya choo cha ofisi, naivuta haraka, na naivuta nikiogopa, si kuogopa watu tu. Wiki ikiisha kiu inakwisha kama haikuwepo. Mwezi unaofuata ni vilevile. Nathanaeli hawezi kuelewa. Yeye alivua koti lake, akasahau lilikotundikwa.

Nathanaeli akinisogelea nanawa mikono kwa ndimu, natafuna majani ya mpera. Ananipa ubuyu tu.

Ni lazima niache, Devota. Nimeandika lazima na nikaipigia mstari, unaona. Usiniulize kwa nini.

Mengine ni madogo. Upepo umeanza, vumbi limejaa hadi kwenye maziwa. Mguu wangu wa kushoto unanisumbua. Kigimbi kimejaa na kina joto, nadhani ni kukaa kwenye taipu tangu asubuhi. Nimeusugua kwa mafuta ya karafuu.

Loisi

*

Mlali
10 Julai 1994

Wifi yangu,

Marahaba. Leo sina mzaha, utanisamehe.

Ule moto wangu ulinizidi, nikaenda kituo cha afya kwa Elisante, yule mganga wetu kijana. Nikamwambia nataka dawa ya kutoa tumbaku mwilini. Akaniuliza hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini. Nikataka kumpiga kibao, nimemfundisha kusoma mtoto yule! Lakini akanieleza kwa adabu. Kumbe si tumbaku. Ni ukomo wa hedhi, wifi. Nimezeeka, na nilikuwa nasifia uzee nikidhani ni ushindi. Anasema wanawake wanaovuta hufika huko mapema kuliko wenzao, kwa sababu tumbaku inachezea homoni, zile chembechembe zinazoendesha mwili wa mwanamke na wa mwanamume. Nikamwuliza habari ya Bartolomayo. Akasema wanaume nao wana zao, ila zao haziendi kwa mwezi, na kwamba sigara haijawahi kumpa mtu nguvu za kiume, inaziba mishipa tu. Bartolomayo nimemwambia. Sasa anapiga miluzi akichota maji.

Nikamtajia na habari yako, bila jina. Nikasema nina rafiki wa miaka thelathini na saba ambaye kila mwezi hushindwa wiki ile ile. Akasema ameyasikia hayo. Wapo wataalamu wanaoamini homoni za mwanamke zikishuka kiu ya sigara hupanda, wengine wanabisha, bado hawajakubaliana. Halafu akaniuliza, "Huyo rafiki yako anameza vidonge vya uzazi?" Nikacheka. Nikasema hapana, huyo anatafutiwa mtoto. Akasema afadhali, kwa sababu mwanamke wa umri huo akivuta na kumeza, damu huganda mguuni.

Mguuni, Loisi. Nikakumbuka barua yako. Nikatoka pale bila kuaga.

Sijui ninachouliza, na kama nimekosea nitakuja kwa miguu kukuomba radhi. Unameza vidonge?

Jibu haraka. Mpe kondakta, usisubiri posta.

Devota

*

Makole
16 Julai 1994

Wifi,

Ndiyo.

Tangu mwaka jana. Nathanaeli hajui. Nilimwona yule mtoto akitolewa, nikaona na damu yangu ikienda, nikasema sirudi humo ndani, hata kwa jina la Baba Matonya. Ningemwambia nani? Yeye alimwahidi Mama.

Vipo vyeupe na vya kahawia. Vyeupe ndivyo vyenye dawa. Vya kahawia ni vya wiki ya mwisho, kuongeza damu tu, na ndiyo wiki ile niliyokuandikia. Kwa hiyo huyo Elisante wako yuko sawa, au karibu. Vyeupe vikiisha ndipo sigara inaponikamata.

Nesi wetu ni Emilia wa Umoja wa Akina Mama. Aliniuliza kama navuta na Mama Mchungaji akiwa ameketi pale na mkono wake kwenye mashine ya presha. Wewe ungesemaje? Nikakana. Nilihisi swali lile halikuwa la bure; baadaye akaniandikia kwa nini aliuliza, na mimi nikaona njia moja tu. Niache sigara, ili uongo wangu ugeuke kuwa kweli, na asiwepo wa kujua. Ningeomba sindano ya uzazi badala ya vidonge ningelazimika kueleza. Nikajiambia mwezi huu nitaweza. Kila mwezi nikajiambia hivyo.

Vidonge nimeviacha juzi baada ya barua yako. Sasa hofu ya mimba imenirudia, na hofu hiyo imenipeleka kibandani mara tatu leo. Mguu umekuwa mzito, nauburuta. Nikipanda ngazi za ofisi napumua kama mzee. Nikienda hospitali wataniuliza, wataita kliniki, Emilia atajua nilimdanganya, Nathanaeli ataambiwa ukumbini mbele ya watu, kwa kuwa yeye kila kitu huambiwa kwa sauti.

Nakusihi kwa yote tuliyoficha pamoja, usimwambie ndugu yako. Nipe hadi mwisho wa mwezi. Ukimwambia, mimi na wewe basi.

Loisi

*

Posta ya Kongwa
20 Julai 1994

Loisi,

Nimemwambia.

Nakuandikia nikiwa bado hapa hapa posta, nimeegemea dirisha la stempu. Barua yako niliipata jana kwa kondakta. Leo nimepanda lori la mahindi nikaja kupiga simu. Nilipanga kunong'ona. Nilikuwa nimepanga na maneno, mapole kabisa. Laini ikapatikana, nikasikia sauti ya ndugu yangu kwa Kiswahili kile cha ofisi, "Habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" Nikasema na wewe. Hakusikia. Nikasema tena. Laini inakwaruza kama ungo. Akasema, "Paza sauti, mama."

Nikapaza. Loisi, nilipiga kelele mle ndani mpaka karani akaacha kugonga mihuri. Nikasema mpeleke Loisi hospitali sasa hivi, anavuta sigara na anameza vidonge vya uzazi, na mguu umevimba. Akaniuliza vidonge vya nini. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Foleni yote ikanigeukia. Mke wa katekista alikuwa nyuma yangu na vifurushi vyake, pamoja na jirani wa Mama. Ilipokwisha hapakuwa na mtu Kongwa ambaye hakujua.

Nathanaeli akasema, "Dada, subiri kwenye laini." Halafu sikusikia kitu. Nilisubiri. Nilisikia kengele za simu zingine za ofisi yenu zikilia na hakuna anayezipokea. Karani akaniambia mama, muda unakwenda, nikamwambia uende. Hakurudi, Loisi. Hadi wakakata.

Sijui kama umefika hospitali. Sijui hata nani atakusomea barua hii. Umenipa siku kumi na moja, mimi nikaogopa kukuzika kabla hazijaisha. Ukiwa hai, nichukie. Ukiwa hai tu.

Devota

*

Dodoma
30 Julai 1994

Dada Devota,

Shikamoo. Naandika mwenyewe kwa taipu ya Loisi, makosa ya herufi utayavumilia. Sikutaka barua hii ipite mdomoni mwa mtu.

Yu hai. Nimeanza na hilo kwa kuwa najua hujalala.

Uliposema mara ya tatu niliweka vipokea sauti mezani nikaenda chumba cha wapiga chapa. Njia ile huwa naipita kwa kushikwa mkono. Siku hiyo nilijigonga kwenye kabati na milango miwili. Nikamwambia Loisi chukua mkoba wako. Akaniuliza nani kakwambia, na sauti yake ilikatika katikati, haikuwa kulia, ilikuwa pumzi. Kwenye teksi nilimshika nikasikia moyo unavyokimbia. Daktari anasema damu iliganda mguuni, na kipande kimefika kwenye mapafu. Wanampiga sindano tumboni ili nyingine isigande. Kwa siku kadhaa walinijibu kwa kusema "tunaangalia." Sasa wameacha neno hilo, wananiambia nilete uji.

Emilia alikuja. Alimlilia, kisha akamgombeza, kisha akajigombeza yeye kwa kumwuliza mtu jambo kama lile mbele ya mke wa mchungaji. Nilitoka nikawaachia.

Habari ya sigara niliijua. Mtu hawezi kuninawia ndimu nisijue anachonawa. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani ndiyo siri yake yote, na kila mtu anastahili moja. Mimi niliacha bila taabu nikajiona shujaa. Nikawa nasubiri na yeye awe shujaa, basi. Hakuna siku niliyomwuliza kwa nini kwake ni vigumu.

Vidonge sikuvijua, na nilikasirika. Nilikasirika kwenye benchi, lile lile la mwaka juzi. Halafu nikakumbuka nilichosikia nikiwa nimekaa pale mara ya kwanza. Daktari alimwambia nesi, "Huyu anaondoka." Nilisikia hayo kwa masikio yangu, na bado nilikwenda kumwahidi Mama mtoto mwingine.

Mama amefika. Habari za Kongwa zilimkuta kabla hajamaliza kukamua ng'ombe. Aliniambia mbele ya wodi kwamba nimeoa mwanamke anayemeza jina la baba yangu kila siku kwa maji. Nikamjibu, na namshukuru Mungu kwamba nilijibu: Mama, mimi ni Nathanaeli Matonya. Jina lipo, linafanya kazi serikalini, linapiga kinanda kanisani. Loisi sina mwingine.

Hajanisemesha tangu hapo. Amebaki, lakini.

Nimezungumza na Emilia kuhusu njia za mwanamume. Kuna mipira, kuna na ile ya kufungwa mirija. Nilimwuliza ile ya kufungwa kama inaondoa uanaume, na sauti yangu ilikuwa kama ya Bartolomayo. Akasema haiondoi chochote. Bado naogopa. Kwa sasa nitaanza na mipira.

Ndugu yako,
Nathanaeli

*

Wodi ya Wanawake, Dodoma
7 Agosti 1994

Devota,

Sikuanza na shikamoo kwa makusudi.

Wamenisomea barua yako ya Kongwa. Aliyenisomea ni Mama yenu, maana nilikuwa bado siruhusiwi kuketi, na Nathanaeli hasomi wino. Aliisoma yote, polepole, akifuata kwa kidole, hadi sehemu ya foleni na jirani yake. Alipomaliza aliikunja, akamenya chungwa, akanipa nusu. Hivyo ndivyo tunavyoishi hapa, kwa machungwa.

Mke wa katekista ameniandikia kwamba ananiombea. Mama Mchungaji alikuja na ua la plastiki. Nimeambiwa Umoja walizungumza habari zangu kikao kizima, na kwamba kikao kilipokwisha akina mama kadhaa walimfuata Emilia mmoja mmoja, nje, nyuma ya ofisi, kumnong'oneza kitu. Hajaniambia ni nani. Ofisini sijui kama nitakuta taipu yangu au mtu mwingine. Haya yote umenifanyia wewe, kwa sauti kubwa, na mimi nilikuomba usifanye.

Daktari anasema ningengoja mwisho wa mwezi nisingekuwepo. Ameniambia mara mbili, nadhani anataka nikushukuru. Siwezi, bado. Kila nikianza nasikia wewe ukirudia mara ya tatu.

Vidonge sitameza tena maisha yangu yote. Nathanaeli ananiambia nisihofu, amekwisha kupanga, na anapolitamka neno mpira anashusha sauti mbele ya mama yake kama mvulana aliyeiba sukari. Nilicheka, kifua kikaniuma, wakaja wakanipima tena. Ni mara ya kwanza tunazungumza habari ya siku ile ya mtoto. Alilia, wifi. Sikujua kama anaweza.

Lakini hakuna vyeupe tena, wala vya kahawia, na hedhi imeanza jana. Nataka sigara. Nataka kuliko nilivyowahi kutaka. Dirisha hili linatazama kibanda, naona watu wakiwasha, nimemwomba nesi anigeuze nilale upande wa ukutani. Emilia hajawahi kuvuta, Nathanaeli alivua koti, Mama ana chungwa. Katika watu wote waliokaa kando ya kitanda hiki hakuna anayejua nina nini mikononi.

Sijakusamehe. Sijui lini nitakusamehe, usiniulize. Njoo hivyo hivyo. Panda hata lori. Njoo na moto wako huo na jasho lako, ukae hapa unishike mikono hadi wiki hii ipite.

Loisi